JOCK STEIN: MCHIMBA MAKAA ALIYEKUWA MWALIMU WA MPIRA

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa tawi na ndugu mmoja wa karakana ya reli. Inachapishwa hapa kwa maombi ya wanachama waliokuwa zamu ya usiku wasiweze kuhudhuria.)



Kamati iliniomba niseme machache juu ya michezo, kwa sababu timu ya tawi letu inataka kuundwa upya na maneno yamekuwa mengi. Wengine wanasema mwalimu wa timu awe mtu wa kabila fulani, kwa kuwa wachezaji wengi ni wa kabila hilo. Wengine wanasema kamati ndiyo ichague wachezaji wa kila Jumamosi, na kazi ya mwalimu iwe kupuliza filimbi na kubeba mipira. Mimi sikuja kugombana na mtu. Nimekuja na habari za mtu mmoja, na nikiisha kuzisimulia kila mmoja wetu apime mwenyewe.

Mtu huyo jina lake ni Jock Stein, Mskoti. Najua wako watakaouliza: sisi na Mzungu wa Uskoti tuna uhusiano gani? Nami najibu hivi. Mtu aliyeshuka shimoni kuchimba makaa kwa mshahara ni mfanya kazi kama sisi. Makaa waliyoyachimba yeye na wenzake ndiyo yaliyokuwa yakiendesha magari ya moshi ya kwao. Tena yuko kijana wetu wa Nairobi aliyevaa jezi ya klabu ile ile ya Stein, naye nitamtaja mbele.

MTOTO WA MGODINI

Stein alizaliwa tarehe 5 Oktoba 1922 mahali paitwapo Burnbank, katika mji wa Hamilton, jimbo la Lanarkshire. Baba yake alikuwa mchimba makaa. Nchi ile ilikuwa nchi ya migodi: makaa chini, moshi juu, na nyumba za wafanya kazi zimepangwa kwa mistari kama landi za reli. Karibu na hapo, mahali paitwapo Blantyre, mwaka 1877 gesi ililipuka ndani ya mgodi ikaua watu zaidi ya 200 kwa siku moja. Hata mwaka 1959, katika jimbo hilo hilo, moto uliwaka ndani ya mgodi wa Auchengeich wakafa watu 47. Mtoto aliyekulia katika nchi ile alijua kwamba baba akitoka asubuhi, si lazima arudi jioni.

Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14. Alifanya kazi kidogo katika kiwanda cha mazulia, kisha akashuka mgodini, na kazi hiyo hakuiacha mpaka alipokuwa na miaka 27. Ilipokuja vita ya 1939 wachimba makaa hawakupelekwa jeshini, maana bila makaa viwanda na reli vingesimama. Basi miaka ile yote Stein alikuwa chini ya ardhi.

Mwaka 1942 alianza kuchezea timu ya Albion Rovers, ya mji wa Coatbridge. Hiyo haikuwa timu kubwa. Siku za kazi alikuwa mgodini, na Jumamosi alikuwa uwanjani. Alicheza beki wa kati. Hakuwa mchezaji wa ajabu wa kuzungukwa na watoto barabarani, bali alikuwa mtu mzito, mwenye kichwa kizuri cha kuokoa mipira ya juu, na mwenye kujua kuwapanga wenzake mahali pao.

Ndugu zangu, hapa nataka tutue kidogo, kwa sababu mambo yote yaliyokuja baadaye yalianzia katika lile shimo. Stein alipokuwa mtu wa sifa alimweleza mwandishi mmoja wa magazeti jinsi watu wa mgodini walivyokuwa. Alisema hakupata kufanya kazi na watu bora kuliko wale. Mtu wa mgodini hakumaliza sehemu yake akajiendea zake. Alibaki mpaka kila mwenzake amemaliza yake na mahali pote pamesafishwa, na siku ya hatari ndipo waliposhikana zaidi. Alisema pia kwamba mtu mwongo na mdanganyifu hawezi kudumu mahali kama pale.

Sisi tunaofanya kazi ya reli tunayaelewa maneno hayo. Fundi anayekaza breki vibaya anamwua dereva asiyemjua. Mtu wa genge anayeacha taruma bovu bila kulitolea habari anawaweka hatarini abiria ambao hatawaona maisha yake yote. Katika kazi yetu hakuna mtu anayefanya kazi peke yake, hata kama yuko peke yake kilometa kumi kutoka stesheni.

DINI NA JEZI

Mwaka 1950 Stein aliondoka mgodini akaenda Wales kuchezea timu ndogo ya Llanelli. Hiyo ndiyo mara ya kwanza kula kwa mpira peke yake. Lakini mambo hayakuwa mazuri. Mkewe na mtoto walikuwa wageni huko, na nyumba yao ya Hamilton, iliyobaki tupu, ikavunjwa na wezi. Stein akawa anafikiri kurudi nyumbani na kushuka tena shimoni. Ndipo, Desemba 1951, klabu ya Celtic ya Glasgow ilipomchukua kwa pauni 1,200. Hawakumchukua awe nyota. Walimtaka wa timu ya akiba, awasaidie vijana.

Sasa yafaa mfahamu mambo ya Glasgow. Katika mji ule ziko klabu mbili kubwa, Celtic na Rangers. Celtic iliundwa mwaka 1887 na Bradha Walfrid, mtawa wa Kikatoliki, ili fedha za viingilio zisaidie kuwalisha maskini wa upande wa mashariki wa mji, ambao wengi wao walikuwa Wakatoliki waliotoka Ireland. Rangers ilikuwa klabu ya Waprotestanti. Uadui wa dini ukaingia katika mpira, na kutoka katika mpira ukaingia katika kazi: mtu kuulizwa amesoma shule gani ili ijulikane dini yake, ndipo apewe kazi au anyimwe. Kwa miaka mingi Rangers haikusajili Mkatoliki anayejulikana. Mwaka 1989 ilipomsajili Mo Johnston, jambo hilo lilikuwa habari ya kutangazwa kila mahali, kana kwamba mtu kuchezea timu akiwa Mkatoliki ni maajabu.

Celtic yenyewe iliwachukua Waprotestanti tangu zamani, na Stein alikuwa mmoja wao. Tena jamaa zake walikuwa watu wa Rangers. Alipovaa jezi ya Celtic, baadhi ya rafiki zake wa Burnbank waliacha kusema naye. Watu aliocheza nao utotoni, akashuka nao mgodini, walimpita njiani kama hawamjui. Hakuwafuata kuwabembeleza, wala hakuwatukana. Aliendelea na kazi.

Mabeki wa timu ya kwanza waliumia, Stein akaingizwa, na akiisha kuingia hakutoka tena. Muda si mrefu akawa kapteni. Mwaka 1953 Celtic ilichukua Kombe la Kutawazwa, ambalo timu kubwa za Uingereza na Uskoti zilikuwamo. Mwaka 1954 ikachukua ligi na Kombe la Uskoti pamoja, jambo ambalo ilikuwa haijalifanya kwa miaka 40. Mwaka huo huo klabu iliwapeleka wachezaji Uswisi kutazama Kombe la Dunia. Wengine waliona ni matembezi. Stein alikaa akiwatazama Wahangaria jinsi walivyohama mahali pao na kuwachanganya adui, na aliyoyaona aliyaweka.

Kisha, mwaka 1955, aliumia kifundo cha mguu. Kiliharibika kisipone, na mwaka 1957 akaacha kucheza kabisa. Tangu siku hizo alitembea akichechemea.

MWALIMU MWENYE NGUO ZA KAZI

Wako watu wengi waliopata kuwa wachezaji wazuri, na walipoumia kazini hadithi yao ikaishia hapo. Ya Stein ndiyo kwanza ilianza. Celtic ilimpa vijana wa timu ya akiba awafundishe.

Desturi ya siku zile ilikuwa hivi. Mkubwa wa timu alikaa ofisini amevaa suti na tai, na wachezaji walimwona kwa nadra. Uwanjani walikimbizwa kuzunguka, mzunguko baada ya mzunguko, na mpira wenyewe waliugusa kidogo sana. Walimu walisema mtu akinyimwa mpira siku za kazi, Jumamosi atakuwa na njaa nao. Stein aliona huo ni upuuzi. Fundi hujifunza kwa kushika nyundo. Akavaa nguo za mazoezi, akaingia uwanjani pamoja na vijana, na kila zoezi likawa na mpira ndani yake. Mmoja wa vijana hao alikuwa Billy McNeill, ambaye tutamsikia tena.

Machi 1960 aliitwa na timu ya Dunfermline, iliyokuwa karibu kushushwa daraja. Alishinda michezo yake sita ya kwanza, timu ikapona. Mwaka uliofuata, 1961, Dunfermline ilifika fainali ya Kombe la Uskoti, na waliokutana nao ni nani? Ni Celtic yenyewe. Mchezo wa kwanza ulikwisha sare bila bao, na wa pili Dunfermline ikashinda 2 kwa 0. Katika miaka ile alikwenda pia Italia kumtazama Helenio Herrera, mwalimu wa Inter ya Milan, akifanya kazi. Hakuona haya kwenda kujifunza akiwa amekwisha kuchukua kombe.

Mwaka 1964 alihamia Hibernian ya Edinburgh, na Machi 1965 akarudi Celtic kuwa mkubwa wa timu. Alikuwa mtu wa nne tu kushika kazi hiyo tangu klabu ilipoundwa, na Mprotestanti wa kwanza. Lakini jambo kubwa ni lingine. Kabla yake, mwenyekiti wa klabu ndiye aliyekuwa na neno kubwa juu ya nani acheze na nani asicheze. Stein alitaka jambo hilo liwe wazi kabla hajaanza: timu ataichagua yeye. Ikishinda ni sawa, ikishindwa lawama ni yake. Mwenyekiti akakubali.

Aprili 1965 Celtic ilichukua Kombe la Uskoti kwa kuishinda Dunfermline 3 kwa 2. Bao la ushindi lilifungwa kwa kichwa na yule McNeill. Klabu ilikuwa haijapata kombe kubwa tangu 1957.

LISBON, 25 MEI 1967

Tangu Kombe la Ulaya la klabu lilipoanza, katika msimu wa 1955 na 1956, lilikuwa halijatoka katika nchi tatu: Uhispania, Ureno na Italia. Mwaka 1967 Celtic ilifika fainali katika mji wa Lisbon, na adui alikuwa Inter ya Milan, timu ya yule Herrera, ambayo ilikuwa imelichukua kombe mwaka 1964 na 1965. Mchezo wa Inter ulijulikana kwa jina la Kitaliano lenye maana ya komeo. Ukiisha kupata bao moja, funga mlango, weka komeo, ngoja saa iishe.

Na hao Celtic walikuwa nani? Wachezaji wote kumi na mmoja walizaliwa umbali usiozidi maili 30 kutoka uwanja wa klabu yao. Hapakuwa na mtu aliyenunuliwa kutoka nchi ya mbali. Kipa, Ronnie Simpson, alikuwa na miaka 36, umri ambao wengi wamekwisha kuacha mpira. Walikuwamo Wakatoliki na walikuwamo Waprotestanti, na Stein hakuwa na kitabu cha kuandika dini za watu.

Dakika ya saba beki Jim Craig alimwangusha mtu, refa akatoa penalti, Mazzola akafunga. Inter wakaweka komeo. Lakini Celtic hawakuacha kushambulia. Mara mbili mpira uligonga mwamba. Kipa Sarti aliokoa na kuokoa. Dakika ya 63 Craig, yule yule aliyesababisha penalti, alipanda mbele akamtengea mpira Tommy Gemmell, naye akaupiga kwa nguvu kutoka mbali ukaingia. Zilipobaki dakika sita hivi, Bobby Murdoch alipiga mpira kuelekea goli, Steve Chalmers akauguza mguu, ukaingia. Mbili kwa moja. Celtic ikawa klabu ya kwanza ya Uskoti na Uingereza kulichukua kombe lile. Mpaka leo hakuna klabu nyingine ya Uskoti iliyopata kulichukua. Katika msimu huo walichukua pia ligi, Kombe la Uskoti, Kombe la Ligi na Kombe la Glasgow. Kila shindano waliloingia, walishinda.

Ndugu zangu, mtazameni Jim Craig. Mtu aliyekosa dakika ya saba hakutupwa wala hakukaripiwa mpaka miguu ikakufa ganzi. Aliachwa na kazi yake, na kazi yake ndiyo iliyoleta bao la kusawazisha. Manyapara na wasimamizi waliomo humu wafikiri juu ya jambo hilo.

Baada ya hapo Celtic ilichukua ligi mara tisa mfululizo, kuanzia 1966 hadi 1974. Mwaka 1970 ilifika tena fainali ya Ulaya, ikashindwa na Feyenoord ya Uholanzi 2 kwa 1. Kwa jumla, katika miaka yake ya Celtic, Stein alichukua ligi mara 10, Kombe la Uskoti mara 8, Kombe la Ligi mara 6, na Kombe la Ulaya mara 1. Hayo ni makombe makubwa 25.

JINSI ALIVYOKAA NA WATU

Msidhani alikuwa mtu mpole tu. Alikuwa mkali, na wachezaji walimwogopa. Lakini alijua kila mmoja yukoje. Winga wake, Jimmy Johnstone, mtu mfupi mwenye nywele nyekundu, alikuwa akiogopa ndege sana. Novemba 1968 Celtic ilicheza nyumbani na Red Star ya Belgrade, na mapumziko yakafika matokeo yakiwa 1 kwa 1. Stein alimwambia Johnstone kwamba timu ikipata ushindi mkubwa, hatapanda ndege kwenda mchezo wa marudiano. Johnstone alitoka akacheza kama mtu aliyemwagiwa pilipili, akafunga mawili mwenyewe, na Celtic ikashinda 5 kwa 1. Stein akatimiza ahadi, Johnstone akabaki nyumbani. Mkubwa mwingine angalimcheka kwa woga wake, au angalimkata mshahara.

Tarehe 2 Januari 1971 Rangers na Celtic walicheza katika uwanja wa Ibrox. Mchezo ulipokwisha, watu waliokuwa wakitoka kwa ngazi walianguka wakalaliana, wakafa watu 66, washabiki wa Rangers. Stein alishuka kusaidia kubeba majeruhi kwa machela. Baadaye alisema kwamba msiba ule lazima usaidie kupunguza chuki za dini katika mpira wa Glasgow.

Hakusema kwa adui peke yao. Agosti 1972, katika uwanja wa Stirling, washabiki wa Celtic yenyewe walikuwa wakiimba nyimbo za chuki. Stein aliondoka mahali pake, akachechemea mpaka katikati yao, akawakabili uso kwa uso wanyamaze. Ni rahisi kukemea ubaguzi wa jirani. Kukemea wa nyumbani kwako, mbele ya watu wanaokushangilia, kunataka moyo.

SIFA HAZILIWI

Sasa nafika mahali pasipopendeza, lakini chama chetu yafaa kupasikia. Julai 1975 Stein alipata ajali ya gari akawa karibu kufa. Ilichukua muda mrefu kupona, na nguvu zake hazikurudi zote. Alirudi kazini, mwaka 1977 akachukua tena ligi na kombe. Mwaka 1978, msimu ulipokwenda vibaya, klabu ikampa McNeill kazi ile. Stein akaahidiwa nafasi ya ukurugenzi, lakini kazi yenyewe ilikuwa ya kutafuta fedha kwa bahati nasibu ya klabu. Makombe 25, kisha uza tikiti! Hakukubali. Alikwenda Leeds ya Uingereza siku 44 tu, na Oktoba 1978 akashika timu ya taifa ya Uskoti.

Ikiwa mtu wa sifa kama Stein aliweza kufanyiwa hivyo, je, mfunga skrubu wa karakana asiyejulikana hata ng'ambo ya pili ya reli? Ndiyo maana chama hushindania mapatano ya maandishi: malipo ya uzeeni, fidia ya ajali, na kazi ya kumfaa mtu aliyeumia kazini. Makofi ya mkutano hayapeleki watoto shule.

Stein aliipeleka Uskoti katika Kombe la Dunia la 1982 huko Uhispania. Tarehe 10 Septemba 1985 Uskoti ilicheza na Wales katika mji wa Cardiff, ikihitaji sare ili isitoke katika mashindano ya 1986. Wales walitangulia kufunga. Zilipobaki dakika kama kumi Davie Cooper akasawazisha kwa penalti. Mchezo ulipokuwa ukimalizika Stein alianguka kando ya uwanja, akabebwa ndani, akafa katika chumba cha matibabu cha uwanja ule ule. Umri wake ulikuwa miaka 62. Msaidizi wake, Alex Ferguson, ndiye aliyeichukua timu akaifikisha Mexico mwaka 1986, na baadaye akajulikana dunia nzima akiwa Manchester United. Siku ya mazishi watu wengi sana walisimama kando ya barabara za Glasgow, na hawakuwa wa Celtic tu.

ALICHOTUACHIA

Leo sanamu yake imesimama mbele ya uwanja wa Celtic tangu 2011, na jukwaa moja la uwanja lina jina lake. Lakini urithi wa mwalimu ni watu na desturi njema, kuliko shaba na mawe. Celtic haikuufunga mlango wake. Mwaka huo huo wa 2011 ilimsajili kijana aliyezaliwa Nairobi, Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kuichezea. Tarehe 7 Novemba 2012 Wanyama aliruka akafunga kwa kichwa katika goli la Barcelona, na Celtic ikashinda 2 kwa 1. Baadaye akawa kapteni wa Harambee Stars. Klabu iliyoanzishwa kulisha maskini wa Ireland ilimshangilia Mkenya, kwa sababu Mkenya alijua kazi.

Sisi hapa Kenya tunazijua habari za klabu za makabila. Klabu ya Abaluhya, iliyoundwa 1964, ilikuja ikabadili jina ikaitwa AFC Leopards. Lakini kubadili jina ni kazi ya siku moja, na kubadili moyo ni kazi ya kila siku. Timu ya tawi letu haina jina la kabila. Basi mbona tunataka kuipa kwa mlango wa nyuma?

Kwa hivyo naleta mambo manne mbele ya mkutano.

La kwanza, mwalimu achaguliwe kwa kazi yake. Asiulizwe jina la babu yake, wala kanisa lake, wala msikiti wake.

La pili, akiisha kuchaguliwa apewe madaraka. Kamati ishike fedha, jezi na usafiri. Mwalimu ashike timu. Tukiona hafai, tumwondoe kwa kura mkutanoni, tusimvute shati kila Jumamosi.

La tatu, wachezaji watafutwe hapa hapa. Wengine tumeanza kunong'ona tuazime wachezaji wa mtaani wenye majina, tuwaandike kama wafanya kazi. Kumbukeni maili 30 za Lisbon. Yuko kijana wa genge la njia anayedaka mpira kama amepaka ulimbo mikononi, hajaitwa hata siku moja, na sababu ninyi mnaijua. Mcheza kwao hutunzwa, lakini kwanza aruhusiwe kucheza. Na mazoezi yasiwe siku zote saa kumi na moja jioni, maana watu wa zamu ya usiku hawawezi kuja. Yagawanywe mara mbili kwa juma.

La nne, mchezaji atakayeumia akichezea tawi asiachwe mikononi mwa mke wake. Mfuko wa matibabu uwepo kabla mpira wa kwanza haujapigwa, na kanuni zake ziandikwe zisomwe na kila mtu.

Haya yote Stein aliyajua toka mgodini kabla hajawa mwalimu: usiondoke mahali pa kazi mpaka mwenzako amemaliza, na kabla ya kuondoka hakikisheni pote pamesafishwa. Tukikaa hivyo katika timu tutakaa hivyo katika chama, na siku ya kwenda kuzungumza na wakubwa juu ya mishahara hatatokea mtu wa kututenga huyu na yule.

Mkutano wa kumchagua mwalimu utakuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa tawi. Kila mwanachama aje na kadi yake, iwe imelipiwa. Naomba watu wa genge waambiwe mapema ili wapate ruhusa.